Birika Juu ya Kisanduku

Kirimi aliomba nafasi ya kusema machache, na mtu wa aina yake akiomba machache, tafuta ukuta wa kuegemea. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka uani kwa marehemu Habiba, hapa Isiolo, siku ya tatu ya taazia, wanaume upande huu na wanawake upande ule wa turubai. Yeye peke yake ndiye aliyeletewa kiti, kwa sababu ya magoti yake na kwa sababu ya gari lake. Akasema marehemu alikuwa nguzo ya mawasiliano ya kaskazini yote. Akasema shirika letu la misaada, ambalo yeye alikuwa meneja wake, lisingefika popote bila mama huyu. Akasema walifanya kazi bega kwa bega. Watu wakainamisha vichwa, nami nikainamisha changu, nikitazama soksi zangu. Nilidhani kwamba katika ua ule ni watu wawili tu waliokumbuka kuwa Kirimi ndiye aliyemfukuza Habiba kazi mwaka wa themanini na nne, kwa barua ya mistari minne. Mmoja ni Kirimi mwenyewe, kama bado anakumbuka kitu. Wa pili ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyempa sababu ya kuiandika.

Wazee wengi wakianza kusimulia maisha yao huanza na mbuzi wa babu na mvua iliyonyesha siku waliyozaliwa. Hayo nayaacha. Yatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha ufundi wa redio kutoka Nairobi, na kalamu tatu katika mfuko wa shati, ingawa sikuwa na maneno ya kutosha kalamu moja. Nilipanga chumba mtaa wa Chechelesi, cha mabati, kitanda upande mmoja na meza ya vyuma vyangu upande wa pili, na cheti nilikitundika ukutani mkabala na mlango ili anayeingia akione kabla hajaniona mimi. Jirani zangu walikuwa wakila githeri na kusikiliza matangazo kwenye redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, nami nikawa nawasikiliza kupitia ukuta na kuwacheka. Mji ulikuwa na mafundi wawili watatu, na wote niliwadharau. Walikuwa wakitibu redio kwa kuipiga kofi. Fyuzi ikiungua, walikunja karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara wakaichomeka mahali pake, na nyumba ikiwaka moto walisema ni mapenzi ya Mungu. Sikusema uongo juu yao, walikuwa wabovu kweli. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba ubovu wao ulikuwa ushahidi wa uzuri wangu.

Shirika liliniajiri mwezi wa Februari kuangalia mitambo yake. Mtambo uliokuwa na maana ulikuwa mmoja tu, redio ya masafa marefu iliyokaa katika chumba kidogo cha mawe nyuma ya ofisi. Chumba kile nakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyolala maishani. Kuta zake zilikuwa nene, na asubuhi kulikuwa na baridi ndani hata nje pakiwa pameanza kuchoma. Dirisha lilikuwa moja, lenye wavu. Kulikuwa na meza, ramani iliyoliwa na mende upande wa Marsabit, kiti chenye mto wa pamba, na juu ya kiti hicho Habiba, mama wa miaka arobaini hivi, mtu wa zile familia za Kisomali zenye malori, ambazo babu zao walikuja huku wakiwa askari wa mkoloni. Kila siku saa mbili kamili asubuhi aliita vituo kimoja kimoja. "Biliqo, Biliqo, hapa Isiolo." Vituo vikajibu, vikataja wagonjwa, visima, malori yaliyokwama na watoto waliozaliwa. Mwaka ule mvua ilikuwa imetukataa, na habari iliyotangulia kila siku ilikuwa maji. Watu wa kaskazini ambao hawakuwahi kumwona walimwita Isiolo, kana kwamba mji mzima ni yeye. Isiolo amesema lori linakuja. Isiolo amekataa.

Redio ile ilipata umeme wake kutoka kwenye kisanduku kilichokaa chini ya dirisha. Zamani kulikuwa na kikubwa cha chuma na shaba, kizito cha kubebwa na watu wawili, ambacho kilinguruma mchana kutwa na hakikuwahi kuugua. Wafadhili wakaona aibu. Wakaleta kipya, chepesi, cha kubebwa kwa mkono mmoja kama kitabu, cha aina ile inayoukatakata umeme vipande maelfu kila sekunde badala ya kuupitisha polepole kwenye chuma. Kile cha zamani wakakitupa uani, kuku wakawa wanalala juu yake. Mimi nilikishangilia kipya. Niliwahi kuona picha yake kitabuni Nairobi, na kukiona Isiolo kulinipa furaha kama ya kukutana na mtu wa kwetu ugenini.

Sasa nifikie Jumatatu ile. Jenereta ya ofisi ilikuwa ikizimwa jioni na kuwashwa asubuhi, saa moja na nusu. Nilifika mapema, nikasukuma mlango, nikakuta kisanduku changu kipenzi kimefunikwa shuka la maua kama mtoto mwenye homa, na juu ya shuka, kwenye kona ya nyuma upande wa kushoto, pamewekwa birika la chai linalotoa moshi. Nililiinua birika. Chini yake shuka lilikuwa na tundu la mviringo, na kwenye bati la kisanduku palikuwa na duara la kahawia, alama ya birika lililokaa hapo siku nyingi. Nilicheka mpaka nikashika meza. Chai, juu ya umeme. Nikamwuliza kama kisanduku hunywa na sukari.

Habiba hakucheka wala hakukasirika. Alilirudisha birika mahali pake, akiligeuza kidogo mpaka likae juu ya duara. Akasema, "Hii kitu iko na baridi asubuhi. Ukiipatia joto kidogo, inaamka. Ukiikimbiza, inakataa." Akangoja kama robo saa, akabonyeza swichi, na redio ikaamka. Akaita vituo vyake, akainywa ile chai huku akiandika. Mimi nilisimama nyuma yake nikijua jambo moja tu, kwamba nilikuwa nikishuhudia uchawi wa jikoni katika chumba cha sayansi, na kwamba nilikuwa nimeletwa na Mungu kuukomesha.

Siku hiyo Guyo, mwendesha redio wa Biliqo, alisema kwamba injini ya kisima inakohoa, na kwamba angerudi hewani saa sita mchana kutoa habari kamili ili fundi wa injini atumwe jioni ile ile. Alipomaliza, nikamwambia Habiba atoke kitini, nataka kukizima kisanduku nikisafishe. Akaniomba nisizime. Aliniomba kwa heshima, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwa sababu umri wake ulimruhusu kuniamuru. Akasema, "Ngoja Guyo amalize saa sita, mwanangu. Kikipoa hakitaamka." Nikamjibu kwamba mashine iliyo nzima huzimwa na kuwashwa, na isiyo nzima ni kazi yangu. Nikazima.

Nilikifungua. Ndani kulikuwa na vumbi jeupe kama unga na buibui aliyekufa zamani. Kulikuwa kukavu kabisa. Hakukuwa na tone la chai wala alama ya tone, popote. Nilipangusa, nilipuliza, nilikaza skrubu, nilifanya yote yaliyo kitabuni, na nilichukua muda wangu kwa sababu Kirimi alipita mara mbili akaniona nikifanya kazi. Saa tano na dakika arobaini nikafunga, nikabonyeza swichi. Hakikuamka. Nikabonyeza tena. Nikapima fyuzi, ilikuwa nzima. Saa sita ikafika, na Habiba akakaa kwenye kiti chake mbele ya redio iliyokufa, akiwa ameshika kikuza sauti mkononi ingawa hakukuwa na cha kukuza. Alijua kwamba wakati huo huo Guyo alikuwa akimwita.

Kirimi aliitwa. Habiba akasema mbele yake, kwa sauti ya kawaida, kwamba aruhusiwe kuleta birika la maji moto na kisanduku kitaamka. Kirimi akanitazama mimi, mwenye cheti. Mambo yote yaliyofuata yangeweza kuishia hapo. Ningeweza kusema tujaribu, maana maji moto hayana gharama. Badala yake nilicheka kidogo, kicheko cha puani, cha mtu aliyesoma akimsikia asiyesoma. Kirimi naye akacheka, kwa sababu mkubwa asiyejua kitu hucheka na yule anayedhani anajua. Akaamuru chumba kifungwe, na kisiingizwe kitu chenye maji mpaka fundi amalize. Siku tatu nilimaliza, nikaanza upya, nikamaliza tena.

Siku ya nne Guyo alifika mwenyewe. Alikuja juu ya lori la ng'ombe, mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Injini ya kisima ilikuwa imekufa Jumatatu ile ile kabla ya saa sita. Alikuwa ameita saa sita, akaita saa nane, akaita kesho yake na keshokutwa. Ng'ombe walikuwa wamelala kando ya birika kavu la kunyweshea na hawakuinuka tena. Watu walikuwa wakitembea usiku kutafuta maji kwingine. Alizungumza na Kirimi varandani, na mimi nilikuwa ndani nikiyasikia yote kupitia dirisha. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, na akaliuliza mara tatu. "Isiolo alikuwa wapi?"

Gari la fundi wa injini liliondoka saa hiyo. Kisha Kirimi akaja akafunga mlango, akaniambia makao makuu watataka maandishi, na maandishi yanataka sababu. Alisema neno sababu kama mtu anayetafuta mahali pa kufutia mkono. Nilikuwa na sentensi mbili za kuchagua. Ya kwanza ilisema, nilizima mtambo baada ya kuombwa nisizime, na sijui umeharibikaje. Ya pili ilisema, mwendesha redio alikuwa na mazoea ya kuweka chai juu ya mtambo, na chai iliingia ndani. Nikaandika ya pili. Nikaambatanisha mchoro wa lile duara la kahawia, nikalipima kwa rula. Watu wakisema kijana aliponzwa na ujinga, mimi husahihisha. Ujinga wangu uliishia Jumatatu. Siku ya nne nilikuwa najua vizuri kwamba ndani kulikuwa kukavu.

Habiba alikuja kuchukua vitu vyake: mto wa pamba, shuka la maua, birika. Nilikuwa chumbani mle, nikijifanya napima waya. Alisimama mlangoni mpaka nikalazimika kuinua uso. "Warya," akasema, neno ambalo watu wao huwaitia vijana, "chai haikumwagika. Wewe umefungua, umeona." Nikasema ripoti imeshakwenda. Lilikuwa jibu la karani, na sikuwa hata karani.

Wiki iliyofuata ukweli ulinijia bila kubisha hodi. Nilikuwa nimechoka nikakiweka kisanduku kwenye kizingiti cha dirisha, upande wa magharibi, nikasinzia kitini. Saa tisa alasiri jua lilikuwa limekipiga mpaka bati likawa halishikiki. Nikakibonyeza kwa hasira tu, nikitaka kukitukana vizuri, na kikaamka. Taa ya kijani ikawaka. Nikakizima, nikakipeleka kwenye kona ya baridi, nikangoja mpaka jioni, nikabonyeza, kimya. Nikajua. Nikakifungua na safari hii nikatazama badala ya kusafisha.

Nitaeleza kwa ufupi, kwa sababu ugonjwa ule bado unaua runinga na kompyuta mpaka leo, na mafundi wa leo nao bado wanapangusa vumbi. Kisanduku cha aina ile hakiwezi kuanza kuukata umeme mpaka kipate msukumo wa kwanza, na msukumo huo hutunzwa na kapasita moja ndogo, haizidi punje ya hindi, yenye majimaji ndani yake. Waliokibuni, watu wa nchi ambako moto huwashwa ndani ya nyumba ili wenyeji wasife kwa baridi, waliipanga kapasita hiyo ubavuni mwa rezista inayochoma kama kaa. Mwaka mmoja wa Isiolo, na majimaji yanakauka. Baada ya hapo kisanduku kikishaamka kitafanya kazi kutwa bila lawama, lakini kikizimwa kikapoa, msukumo haupo tena. Ila ukiipasha moto kapasita iliyokauka, hujikusanya kidogo, ikapata nguvu ya kuamsha mara moja. Ni joto lile lile lililoiua. Kwa hiyo birika la Habiba lilikuwa likikiamsha kila asubuhi na kukisogeza karibu na kaburi kila asubuhi, na wale wanaotaka kumfanya mtakatifu wakumbuke na hilo. Lakini alikuwa hana kapasita nyingine, alikuwa na birika. Nilichukua kifuniko chenye lile duara la kahawia nililolipima kwa rula, nikakirudisha juu ya kisanduku. Kapasita ilikuwa chini yake, katikati kabisa ya duara.

Dawa ilikuwa rahisi mno. Kapasita ile haikupatikana Isiolo wala Meru, lakini Nairobi ilikuwa kwenye kila duka la vipuri. Ningejaza fomu ya kuagiza, na kwa basi la wiki ile ingefika. Fomu ilikuwa na mstari mmoja ulioandikwa, sababu ya kuharibika. Niliketi na fomu ile mbele yangu, na kalamu zangu tatu. Nikiandika kapasita imekauka, ripoti ya chai inakuwa uongo wenye sahihi yangu. Fomu nikairudisha kwenye droo. Kirimi nikamwambia kwamba nimekifufua kwa muda, ila tunahitaji kipya kutoka ng'ambo, naye akaagiza kisanduku kizima kutoka ng'ambo. Miezi minane tulikingoja.

Sasa nilihitaji joto kila siku kabla ya saa mbili asubuhi, na jua la saa hizo halipashi kitu. Nilijaribu taa ya meza. Rangi ya bati ikaanza kunuka na kona iliyohitaji joto ikabaki baridi. Nilijaribu kubeba maji moto katika chupa ya chai kutoka Chechelesi, nikasahau kwamba chupa ile imetengenezwa ili joto lisitoke, nayo ilifanya kazi yake vizuri kuliko mimi. Kuleta jiko ofisini ningeulizwa la nini. Wakati huo huo Habiba, ambaye alikuwa na watu wa kulisha kama kila mtu, alifungua kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, mkabala na lango letu. Madereva wote walikwenda kwake. Asubuhi moja nami nikavuka barabara. Nikamsalimu habari ya asubuhi, akaitikia njema, nikamwomba birika zima la chai, lenye kuchemka kabisa. Nikasema ni ya wafanyakazi.

Akanipa. Lilikuwa lile lile. Nilifunga mlango kwa komeo, nikaliweka birika juu ya duara, nikangoja robo saa, nikabonyeza. Saa mbili kamili nikaita, "Biliqo, Biliqo, hapa Isiolo." Niliita mara tatu kabla Guyo hajajibu. Saa tatu nikalirudisha birika kibandani. Sikuinywa chai ile. Sitaki kujipa sifa kwamba ni kwa aibu. Nilikuwa na haraka ya kuliondoa birika kabla Kirimi hajafika. Habiba alilipokea, akalipima kwa mkono, akafungua kifuniko, akatazama ndani. Chai ilikuwa imefika pale pale alipoijaza, imepoa, utando wa maziwa umetanda juu. Akaimwaga chini ya mti wa mjafari, akaliosha birika, akaendelea kuhudumia watu.

Nami nilidhani hajui. Hebu nidharauni hapo, nawaruhusu. Kila asubuhi, miezi na miezi, birika lilivuka barabara limejaa na kurudi limejaa, na mimi nikatembea kama mtu mwenye siri. Kutoka mlangoni mwa chumba cha redio nilikuwa nikisikia maongezi ya kibandani. Madereva walimtania kwamba ofisi inamaliza chai yake kuliko wao, na yeye akawajibu kwamba ofisi ni kubwa. Hakuwahi kukataa kunijazia, na hakuwahi kunichelewesha. Nilipofika, birika lilikuwa tayari linatokota peke yake, mbali na masufuria ya wateja.

Mwezi wa Oktoba kituo kimoja cha misheni huko mbele kaskazini kikatafuta mwendesha redio, na Habiba akaomba. Walikuwa wakiijua sauti yake, walimtaka. Wakaandika kwetu kuuliza habari za utendaji wake, kama ilivyo desturi. Kirimi akaniletea barua pamoja na faili. Akasema, "Wewe ndio uliandika hii maneno ya chai. Kama ni sawa, weka sahihi, tutume." Hakunisukuma. Ninataka hilo lijulikane, kwa sababu ni rahisi kumtupia Kirimi kila kitu, na yeye ni mtu wa kutupiwa. Alikuwa amesimama pale akichokonoa meno, asiyejali jibu litakuwa gani. Kama ningesema nilikosea, ningepoteza kazi yangu, nikashusha cheti changu Chechelesi, na Habiba angepata kiti chake chenye mto. Juu ya meza, mbele yetu sote wawili, kisanduku kilikuwa bado na joto la birika lake. Nikaweka sahihi.

Kama siku kumi zilipita. Asubuhi moja nilivuka barabara kama kawaida. Habiba alinikabidhi birika, nikaona moshi unatoka lakini haunuki kitu. Nikafungua kifuniko. Yalikuwa maji matupu. Nikamtazama. Wateja wawili walikuwa wameketi kwenye benchi, naye akasema kwa sauti ile ile aliyoniombea nisizime, "Wamisheni wamekataa mimi. Chukua maji tu. Majani ya chai ni ya watu wanakunywa."

Nililichukua birika. Ningefanya nini? Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na tano. Nikavuka nalo, nikaliweka juu ya duara, na saa mbili nikaita. Kesho yake pia maji. Keshokutwa maji. Mpaka Desemba, kisanduku kipya kilipofika kutoka ng'ambo kikiwa na kapasita ile ile mahali pale pale, alinichemshia maji kila siku, na hatukusemezana tena neno zaidi ya salamu. Mwaka uliofuata nikapata kazi Nairobi. Nimetengeneza visanduku vya aina ile miaka thelathini na zaidi, watu wakaniita bingwa wa kutambua ugonjwa kwa kugusa tu kifuniko. Wanafunzi wangu waliniuliza nimejifunzia wapi. Niliwaambia Nairobi.

Basi, kwenye taazia, Kirimi alimaliza machache yake, akasaidiwa kuingia garini, akaondoka na kiti kikaondolewa. Nikabaki mkekani. Pembeni yangu aliketi mzee mrefu mwembamba, macho yameingia ukungu, na kwa sauti yake tu, alipomwomba mtu amsogezee maji, nikamtambua Guyo. Sikujitambulisha. Kisha Sadia, binti wa Habiba, naye sasa mama mtu mzima mwenye wajukuu, akaja na sinia la glasi za chai. Akanipa yangu. Nikaishika kwa mikono miwili, nikahisi kama sitapata siku nyingine, nikamwambia nina jambo la kumwambia juu ya marehemu mama yake, la mwaka ule wa ukame, la chai.

"Ile ya birika?" akasema Sadia. Akaweka sinia chini. "Mimi ndio nilikuwa nawasha moto. Alfajiri, kabla ya shule. Nilimwuliza mama, kwa nini tunachemshia huyu mtu maji na yeye ndio aliandika wewe vibaya. Akaniambia si ya huyo. Guyo anangoja saa mbili."

Guyo aligeuza uso upande wetu, si kwangu hasa, upande wa sauti. "Biliqo yote ilijua," akasema. Akarudi kwenye maji yake.

Nilikuwa na maneno tayari. Nimeyabeba miaka arobaini, nimeyapanga, nimeyapangusa vumbi. Hayakutoka hata moja, kwa sababu sikuwa na wa kumwambia. Aliyestahili kuyasikia alikuwa amezikwa siku tatu, na hawa wengine walikuwa wameyajua kabla yangu. Glasi ilikuwa inapoa mikononi mwangu. Sadia aliitazama, akanitazama mimi, na nikaona jicho lile lile la mama yake, lililokuwa likitazama ndani ya birika kila saa tatu asubuhi.

"Kunywa, mzee," akasema. "Hapa hakuna mashine."

Nikanywa. Ilikuwa na tangawizi nyingi na iliki, namna alivyokuwa akipika mama yake, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuionja.